Nilivyomsemea Nyar Rangwe

Kisegi, Homa Bay
Alhamisi, baada ya alasiri

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo Mama, na salamu za amani kutoka huku ziwani. Naomba Mungu karatasi hii ikukute umeshiba, umepumzika, na hujagombana na mtu wiki hii. Sisi hapa ni wazima, alhamdulillahi. Mkweo Hamadi anauza mabeseni yake na ananenepa. Mimi nauza na sinenepi, maana anayepanda ngazi kuyashusha ni mimi. Vipi huko? Mvua imenyesha? Yule mbuzi mwenye pembe moja amezaa, au bado anawadanganya? Na mdogo wangu Zainabu anasoma, au bado analala na simu chini ya mto?

Najua utashangaa kuona bahasha. Juzi tu tulizungumza kwa simu, ukaniuliza habari, nami nikakwambia hakuna jipya. Lilikuwako. Ila jambo lenyewe siliwezi kwa simu, kwa sababu ukisikia tu sauti yangu imekwama utaanza kunipa pole, na safari hii sistahili pole kabla hujasikia nilichofanya. Swaleh, binamu yake Hamadi, anarudi pwani kesho na lori la mizigo, na atakukabidhi mkononi. Ana njaa isiyokwisha, mpe chai na kitu cha kutafuna.

Hivi ninavyoandika nimekaa kwenye kigoda cha mtu mwingine, nyuma ya nyumba ya mtu mwingine, nikilinda samaki wa mtu mwingine. Mbele yangu kuna tanuri la udongo linalofuka moshi, na juu yake wamelazwa samaki kwenye wavu wa waya. Macho yananichuruzika. Ukiona wino umetawanyika mahali ujue ni moshi, na mahali pengine si moshi.

Mwenye kigoda hiki anaitwa Nyar Rangwe. Huku mwanamke akiolewa, jina la kwao linawekwa kando, naye huitwa kwa mahali alikotoka. Nyar ni kusema binti wa. Yeye alizaliwa Rangwe, kwenye barabara ya Homa Bay, mbali na maji, akaletwa huku Kisegi na ndoa, basi ni binti wa Rangwe mpaka siku atakayozikwa. Mimi wameniita Nyar Mombasa. Nimewaeleza mara nyingi kwamba Msambweni si Mombasa, kwamba kuna kivuko hapo katikati, na kwamba wazee wetu wakisikia watanuna. Wananisikiliza kwa adabu, wanatikisa kichwa, halafu wananiita Nyar Mombasa. Nimechoka, naitika.

Ni mjane. Ana umri wa kuweza kunizaa kama angeanza mapema. Watoto wake wamekua, kila mmoja yuko kwake. Tulipofika hapa mimi sijui hata neno moja la Kijaluo, ni yeye aliyekuja dukani siku ya pili na omena kwenye sahani iliyofunikwa, akasema mgeni hawezi kulala na jiko baridi. Omena ni wale dagaa wadogo wa ziwani. Asubuhi huwaanika juani juu ya nyavu kuukuu, na mchana huwakausha kwa moshi mbuta, wale samaki wakubwa wenye minofu minene. Hiyo ndiyo kazi yake tangu mumewe alipofariki.

Na kazi hiyo inammaliza. Moshi wa miaka yote umemkaa kifuani, Mama. Anakohoa mpaka anashika ukuta. Kwenye zahanati walimwambia wazi kwamba dawa watampa, lakini akiendelea kuinamia moshi dawa hazitafua dafu. Aache. Aache ale nini, hilo hawakumwambia.

Ndipo ikasikika kwamba nyumba moja ya wageni kisiwani Takawiri inatafuta mpishi. Jiko la gesi, chumba cha kulala, na siku za kurudi nyumbani kupumzika. Lakini wageni wengi wa pale huzungumza Kiingereza, na mpishi hutakiwa kutoka jikoni awaeleze wanachokula. Nyar Rangwe aliacha shule darasa la nne. Akaja dukani, akanunua beseni ambalo hakulihitaji hata kidogo, akalishika mkononi muda mrefu, kisha akasema amesikia mimi nilisoma.

Mama, unanijua. Ile alama yangu nzuri ya Kiingereza ya kidato cha nne, uliyoitangaza mtaa mzima mpaka kwa muuza mkaa, sijawahi kupata mahali pa kuitumia. Kuuza ndoo hakuhitaji Kiingereza. Nilimwambia tunaanza kesho, kabla hajamaliza kuniomba.

Tulikuwa tunakaa barazani mwa duka kila siku akishaanua omena. Wanawake wengine wawili watatu walikuja siku za kwanza wakachoka, akabaki yeye. Nilikata maboksi vipande vipande, nikaandika neno moja la Kiingereza kwenye kila kipande, nikaweka mabeseni mawili. La buluu la majina ya vitu, jekundu la vitendo. Ndivyo nilivyofundishwa mimi, kila neno na nyumba yake, na mwalimu wetu alikuwa haruhusu neno kuzurura.

Siku ya majina tulienda vizuri. 'Fish' ni samaki, buluu. 'Salt' ni chumvi, buluu. 'Smoke' ni moshi, 'water' ni maji, yote buluu. Siku ya vitendo nikaanza kumfundisha mambo ya kazi yake, na hapo ndipo mambo yalipogeuka. Kuvua samaki ni 'fish'. Kutia chumvi ni 'salt'. Kukausha kwa moshi ni 'smoke'. Hata kunywesha ng'ombe ni 'water'. Kila nikisema kitendo, Nyar Rangwe anainuka, anachakura kwenye beseni la buluu, anatoa kipande kile kile cha jana, anakitia kwenye jekundu. Nikitaka jina anakirudisha. 'Cook' kilinitoa jasho zaidi, maana ni kupika na ni mpishi mwenyewe. Sisi tukisema chumvi ni chumvi tu, na tukitaka kazi yake tunasema kutia chumvi, neno linavaa kitu kipya ulijue. Kiingereza kinalichukua neno lile lile, halijanawa uso, kinalisimamisha mahali pengine linafanya kazi nyingine. Nilikuwa nalijua hilo, lakini sijawahi kulitazama usoni mpaka pale barazani, nikiwa na beseni jekundu limejaa na la buluu limebaki tupu.

Yeye hakuhangaika kama mimi. Alivimwaga vipande vyote sakafuni, akayapachika mabeseni moja ndani ya jingine, akayasukuma kando.

"Nyar Mombasa, hizi beseni zitatuchanganya bure," akasema. "Neno yenyewe ni moja. Tuangalie inakaa na nani."

Basi tukafanya hivyo. Akawa anavipanga sakafuni kwa mstari mmoja mmoja, anaanza na 'I', anaweka 'salt', anaweka 'fish', anasoma kwa sauti huku mkono wake ukifanya kile anachosema, vidole vinanyunyiza chumvi ambayo haipo. Anahamisha kipande kimoja, anasoma tena. Alipata furaha Mama, furaha ya kweli. Maneno yote aliyokuwa nayo yalikuwa ya kazi yake, na kila moja alikuwa analitumia kotekote. Akawa anaweza kukueleza kwa maneno kidogo tu jinsi samaki anavyotoka majini mpaka anafika mdomoni. I salt fish. I smoke fish. Fupi, polepole, na kila moja sawasawa.

Mimi nikaona hayatoshi. Hapo ndipo kosa langu lilipoanza, nakueleza bila kujificha. Niliona Kiingereza chake ni cha kupiga magoti. Nikasema mpishi wa wageni hawezi kusema I salt, I smoke, kama mtoto wa chekechea. Nikamtungia sentensi moja ndefu, ndani yake kuna 'preservation' na 'preparation', yaani kuhifadhi na kuandaa, na maneno mengine ya kuvaa suti, nikamwambia aikariri. Aliikariri siku nne. Ilikuwa inamkaba. Akiwa anageuza samaki anaisema, akikohoa inampotea, anaanza upya. Kila akiniomba aseme kwa njia yake, namwambia hapana, hebu toka mwanzo.

Jumanne ya wiki iliyopita tukapanda boti kwenda Takawiri. Nilijipa ruhusa ya kumsindikiza. Alivaa gauni lake la kanisani na mimi nikavaa lile buibui jipya, na leo najiuliza kwa nini nilivaa jipya siku ya intavyu ya mtu mwingine.

Meneja wa pale ni mama wa makamo, mtulivu, ana miwani. Alitukaribisha vizuri, akatukalisha, akamwuliza Nyar Rangwe kwa Kiingereza anajua kufanya nini na samaki. Nyar Rangwe akaanza ile sentensi yangu. Akafika kwenye 'preservation', akakwama. Akakohoa. Kisha nikamwona anaiacha kabisa, anainua mkono, anaanza kivyake. I salt fish, akasema. I smoke fish. Vidole vinanyunyiza ile chumvi. Akafika kitendo cha tatu, neno likampotea. Akatazama dirishani akilitafuta.

Mama, sikuweza kuvumilia ule ukimya. Nilihisi joto masikioni, kama vile mimi ndiye niliyekwama. Nikafungua mdomo nikasema, kwa Kiingereza changu chote, kwamba anachojaribu kusema huyu mama ni hiki na hiki. Nikaendelea. Nikasema uzoefu wake, nikasema usafi wake, nikasema mambo hata ambayo sikuulizwa. Meneja akageuza uso kwangu, na haukurudi tena kwa Nyar Rangwe. Akiuliza swali, ananiuliza mimi. Nami nikajibu yote. Mahali fulani meneja alisema jambo la kuchekesha, tukacheka wote wawili, na Nyar Rangwe akatabasamu bila kujua tumecheka nini. Kicheko kile ndicho kinachoniuma kuliko yote.

Mwishowe meneja akamshukuru Nyar Rangwe kwa Kiswahili, akamwambia wanahitaji mtu anayeweza kuongea na wageni mwenyewe. Kisha akaniuliza mimi kama ningependa kazi ya mapokezi.

Nilifurahi. Nisikudanganye. Kutoka mlangoni pale mpaka kwenye boti nilikuwa mtu mwenye furaha, nafikiria nitakavyokupigia simu, na yeye yuko nyuma yangu anakohoa.

Kwenye boti alikaa mbele, amenipa mgongo. Tuliposhuka nilimwambia pole, Mungu atafungua njia nyingine. Akanitazama. "Asante, Madam," akasema, akachukua viatu vyake mkononi akaondoka. Tangu siku ile ya sahani ya omena alikuwa hajawahi kuniita Madam.

Hakuja dukani kesho yake, wala kesho kutwa. Ijumaa nikamwona anapita na beseni jipya ambalo si letu. Hamadi akauliza mbona rafiki yangu anatupita. Nikamsimulia, nikijitetea vizuri sana, jinsi nilivyomsaidia na jinsi bahati isivyokuwa yake. Unamjua Hamadi, hana haraka. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja: lile neno la tatu lilikuwa lipi? Nikasema sijui. Akaendelea kufunga kamba zake.

Jumamosi nilikwenda kwake. Nilianza kuomba msamaha nikiwa bado mlangoni, akanikatiza, akasema nikae nile kwanza. Huku mtu hapokewi na maneno, hupokewa na chakula, na ukikikataa umetangaza vita. Akaniletea ugali wa mtama na samaki, akakaa mbele yangu na yeye akala. Tulipomaliza kunawa ndipo akaniambia niseme kilichonileta.

Nikasema nimekosa, nimemkosesha kazi.

"Kazi si shida," akasema. "Kazi mtu anaweza kukosa. Mimi nimekasirika juu ya vile uliona aibu. Nilikuwa najitafutia neno yangu, wewe ukaona aibu na mimi."

Nilitaka kukana, nikashindwa, maana ndivyo ilivyokuwa. Nililia pale pale mbele ya sahani. Hakunibembeleza. Aliniacha nilie, kisha akasema jua linaenda, nirudi nyumbani Hamadi asije akala mkate mkavu.

Jumatatu nikapanda boti peke yangu, na buibui lile la zamani. Nikamwambia meneja kazi ya mapokezi siitaki, ingawa nilikuwa naitaka, na kwamba yule mama alikuwa anajua kujieleza, mimi ndiye niliyemkata. Nikamwomba amwite tena, asikilizwe bila mimi. Meneja alivua miwani akaifuta. Aliniuliza kwani yule ni nani wangu. Nikasema ni jirani.

"Nilidhani ni mama yako," akasema. "Nimeona mabinti wengi wakija na mama zao hivyo."

Alisema tu, hakuwa ananilaumu. Akaniambia Nyar Rangwe aje Alhamisi, apike chakula cha mchana, kisha wazungumze. Aje peke yake.

Nilipompelekea ujumbe hakuruka kwa furaha. Alisema Jumatano ndiyo anapokea mbuta, na samaki wakishaingia kwenye moshi hawaachwi. Nani atakaa na tanuri? Nikasema mimi. Alinitazama mikono, akaitazama tena. Jana jioni alinionyesha: kuni mbichi zikae pembeni, mwali usipande, moshi tu, samaki wageuzwe kwa vidole, si kwa mti, na bati la kufunikia lisisukumwe mpaka mwisho. Akanirudisha mwanzo mara tatu, kama nilivyokuwa nikimrudisha mimi, na sina shaka alifanya makusudi. Leo asubuhi amepanda boti.

Kwa hiyo ndipo nilipo, Mama. Nimekaa hapa tangu asubuhi, na kifua changu cha siku moja kinawasha mpaka mgongoni. Yeye amekaa hapa miaka. Nimekuwa nikiuza naye, nikicheka naye, nikimfundisha, na sijawahi hata siku moja kuja kukaa upande huu wa nyumba moshi unakoelekea. Namwomba Mungu wampe ile kazi. Naomba mpaka naona haya, maana kama wasipompa nitakuwa mimi niliyemfungia, na hatasema, atarudi kwenye kigoda hiki na atakohoa.

Ngoja nigeuze samaki.

Nimerudi kwenye barua, Mama. Jua limeshuka na boti imefika, nami sasa naandika nikiwa nyumbani kwangu.

Nilimwona anakuja kwa njia ya ufukweni, polepole, ameshika viatu vyake mkononi. Nikasimama. Sikuthubutu kuuliza. Aliweka mkoba chini, akafunua bati, akainama akawachungulia samaki mmoja mmoja.

"Hii upande umechoma," akasema.

Ni kweli, nilikuwa nakuandikia wewe mwali ukapanda. Akawatoa wale walioungua, akawaweka kando kwenye beseni, akafunika, akakohoa, akakaa kwenye kigoda. Mimi nikabaki nimesimama kama mtoto aliyevunja chungu.

Ndipo akanisimulia. Alipika samaki wa kuchemsha na wa kukaanga, na mboga ya osuga, ile tunayoiita mnavu. Watu wakala. Kisha meneja akamwita nje, mbele ya wageni wawili wazee, akamwuliza swali lile lile la siku ile.

"Nikaanza tu yangu," akasema. "I salt fish. I smoke fish. Ile ya tatu ikanipotea tena, vile tu ilinipotea siku ile. Nikanyamaza."

Nikamwuliza, kwa woga, ikawaje.

"Wakaningoja, Nyar Mombasa. Wakaningoja tu. Ikakuja."

Ilikuwa 'share'. I share fish. Alitaka kusema kwamba anapomaliza huwagawia watu. Akawaambia, na wale wazee wakaanza kumwuliza mengine, hili na lile, yeye akijibu kwa vipande vyake vifupi, akikwama wanangoja. Anaanza kazi Jumatatu, mwezi wa kwanza wa kumjaribu. Anasema jikoni pale hakuna moshi hata wa kuficha sindano, mpaka alijiuliza kama chakula kinaiva kweli.

Hakunikumbatia. Hakuniambia yamekwisha. Alinipa wale samaki walioungua wote, akasema nitakula na mume wangu mpaka waishe, na kwamba kesho nije mapema, kuna wengine wa kugeuza kabla hajaondoka. Nimewabeba. Hamadi anawala sasa hivi na hajauliza kitu.

Nisalimie kaka Juma na shemeji yangu, mwambie shemeji kanga alizoomba nitamletea mwenyewe. Nisalimie mjomba Mbwana wa dukani na miguu yake inayomsumbua, na bibi Mwanasiti jirani yetu, umwambie bado sijasahau kusali kwa wakati kama anavyodhani. Zainabu mvute sikio kwa niaba yangu, moja tu, la kulia. Hamadi anakusalimu na anakuomba radhi kwamba sikukuu hii hatukuja.

Mama, limebaki moja, na hili ndilo lililofanya nisiweze kupiga simu. Mwaka ule macho yako yalipoanza kukusumbua, tulipokwenda kliniki mimi na wewe. Daktari alikuuliza wewe, kwa Kiswahili, tena kwa upole, yalianzaje. Ulifungua mdomo. Na mimi nikamjibu kwa Kiingereza. Nikaendelea kumjibu mpaka tukamaliza, na yeye akawa ananiangalia mimi. Wewe ulifunga mdomo, ukashika mkoba wako, na tulipofika nyumbani ukawaambia majirani kwamba binti yako anazungumza na madaktari. Nililala nimefurahi siku hiyo.

Wiki nzima hii nimekuwa nikikuona pale kwenye kile kiti cha kliniki. Ulikuwa umefungua mdomo, Mama. Kulikuwa na kitu ulitaka kusema juu ya macho yako mwenyewe, na sijui ni nini, kwa sababu sikukuuliza siku ile wala siku yoyote baadaye.

Niandikie. Usimpe Zainabu akuandikie, andika kwa mkono wako, kwa maneno yako, hata kama utaandika mstari mmoja kwa siku. Ulitaka kumwambia nini daktari?

Nangoja.

Ni mimi mwanao,
Mwanakombo